Oda ya Shela: seti arobaini za simbi na komwe, na kumi na tisa zilizorudi

Kabla sijaenda mbali mjue binti aliyetengeneza oda hii ni mtoto wa kakangu, kwa hiyo mkiona nampendelea mniambie, ila nitajitahidi. Mwenye duka aliyeagiza nae namjua miaka mingi, tumekubaliana nieleze bila kutaja jina lake wala duka manake Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu, ni ndogo na watu wanajuana kwa kikohozi.

Kisa chenyewe ni hiki. Binti anakaa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, anatengeneza vidani na hereni kwa vitu vya kuokota, simbi (kauri za baharini), komwe (mbegu ngumu za kijivu), vifuu vya nazi, saa zingine kipande cha mti kilichosuguliwa na maji mpaka kikalainika. Mkono anao, hilo hata mwenye duka hapingi. Katikati ya Novemba akapewa oda ya seti 40, kila seti kidani kimoja na hereni zake, shilingi 700 kwa seti, duka nalo liuze kwa bei yake wageni wa Disemba wakishaingia. Jumla 28,000, nusu akalipwa papo hapo, nusu ya pili mwaka mpya. Muda wiki tatu. Akakubali pale pale, akawaita ndugu zake wamsaidie kutoboa, wakakesha, na kweli wiki ya kwanza ya Disemba seti zote 40 zikapanda boti kwenda Shela, kila moja imefungwa vizuri na kadi yake ndogo.

Krismasi haijafika simu ikalia. Mama wa duka anasema vitu vinanuka, vingine vimeota ukungu, wateja wawili wamerudisha na mmoja anajikuna masikio, kwa hiyo hatoi ile nusu ya pili na anataka 14,000 zake zirudi zote. Binti analia, anasema mimi nilitimiza oda, mbona siku ya kupokea hakusema kitu. Kila mmoja akanipigia mimi. Mimi nashona shanga na nauza kidogo kidogo, ndo wakaona najua mambo haya, basi nikasema nileteeni hivo vitu nivione kwa macho yangu.

Zikaja kwenye gunia, seti 19, zile 17 alizozitoa kwenye shelfu na mbili za wateja. Nikazimwaga kwenye sinia uani nikazitenga kwa ugonjwa wake: 9 zinanuka, 5 komwe zimeota ukungu, 3 vifuu vimepasuka, 2 uzi umekatika. Zilizobaki 21 ama zimeuzwa na hakuna aliyelalamika, ama ziko dukani na hazina tatizo. Kwangu hili la kutenga ndo lilikuwa muhimu kuliko yote, manake kabla ya hapo mmoja anasema "vitu vyote vibovu" na mwingine anasema "vitu vyangu vizuri", na kwa maneno hayo mngebishana mpaka Ramadhani.

Tuanze na harufu. Nilichukua kidani kimoja nikakipindua nikaangalia ule mdomo wa simbi wenye meno meno, ndani kabisa kuna kitu cheusi kimegandia. Nikaingiza sindano ya kofia nikachokoa, ikatoka na kipande, wallahi nilisimama nikaenda kunawa.

"Hizi zilikuwa hai?" nikamuuliza.

"Hai shangazi, wavulana waliniletea kwa ndoo, bamvua ilikuwa kubwa." (Bamvua ni zile siku maji ya bahari yanajaa na kutoka sana.)

"Ukafanyaje?"

"Nikazichemsha. Alafu zikawa zanuka bado, nikazitia ndimu."

Hapo kuna makosa mawili moja juu ya jingine, na ni makosa ambayo nimeona watu wengi wakiyafanya. Simbi si kombe la kufunguka. Mnyama wake amejikunja ndani kwenye mzunguko na mlango wake ni ule ufa mwembamba tu. Ukimchemsha nyama inasinyaa inarudi nyuma zaidi, pale ambapo hata sindano haifiki, na kwa nje unaona ganda safi kabisa. Likikauka halinuki. Ukilivaa shingoni kwenye joto na jasho la Disemba, ile nyama inalowa upya na harufu inaanza. Ndo maana siku ya kupokea mama wa duka hakusikia chochote, wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Ndimu nayo ikaharibu kilichobaki. Ganda la simbi karibu lote ni chokaa, yaani kalsiamu kabonati, na asidi ya ndimu inalila. Kama hamuamini kamueni tone moja juu ya simbi mtaona povu linatoka, hilo povu ndo ganda lenyewe linaondoka. Siki vilevile. Kwa hiyo zile simbi zilipoteza mng'aro na harufu haikutoka, manake ndimu ililamba nje na uozo uko ndani. Wengine hutumia dawa ya kufulia ile nyeupe, hiyo inakula vitu vingine kwenye ganda na likizidi linakuwa kavu la kupukutika, mimi sishauri.

Njia ya sawa inajulikana tangu zamani na haina ujanja wowote. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, yule yule aliyepita Mombasa mwaka 1331, alipofika visiwa vya Maldives baadae akaeleza wenyeji walivyokuwa wanazitoa simbi baharini na kuzitia kwenye mashimo ufuoni mpaka nyama ikaisha yenyewe ikabaki ganda jeupe. Na huko simbi zilikuwa pesa, watu hawakuwa wakichezea. Mchanga, wadudu na muda, basi. Mimi nikipata zenye nyama, natia kwenye ndoo iliyotobolewa chini, mchanga mkavu juu, waya juu yake paka asichimbe, nasahau wiki nyingi, alafu naloweka na kubadilisha maji kila siku mpaka maji yasiwe na harufu tena, ndo naanika kivulini. Na hata baada ya hapo najaribu kwa chupa ya jemu: natia simbi chache, nafunga kifuniko, naweka juani mchana kutwa, jioni nafungua karibu na pua. Ikinuka inarudi mchangani.

Lakini mimi nikamuuliza tena, kwa nini zilikuwa hai kwanza? Ufuo wa Shela una kilomita kama 12 na simbi zilizokufa kitambo zimejaa pale maji yanapoishia. Jibu ni kwamba zile hazing'ai. Simbi akiwa hai anatoa ile ngozi yake laini anafunika ganda lote kwa nje, ndo linakaa limesuguka hivyo. Akifa, mchanga na jua vinalifubaza. Mama wa duka alipoagiza alituma picha kwa WhatsApp na akaandika "nataka zile zinazong'aa". Hakujua maana yake ni kuwatoa wanyama hai kwenye miamba, na binti alijua lakini alitaka kazi. Hili mimi naona ni la wote wawili.

Na zaidi ya harufu kuna jambo la bahari yenyewe. Ndoo za wavulana bamvua moja mpaka nyingine, mwamba unabaki mtupu. Hata lile ganda tupu lina mpangaji, wale kaa wadogo wanaobeba nyumba ya mwenzao mgongoni, ukiokota kagua kwanza usije ukamuanika mtu na nyumba yake. Wenzetu wa Malindi na Watamu wana hifadhi za bahari tangu 1968 na humo huruhusiwi kutoa hata ganda tupu, na ukienda huku kwetu upande wa Kiunga ni hifadhi pia, uliza KWS, shirika la wanyamapori, kabla hujainama. Simbi za kufubaa mimi nazipaka mafuta ya watoto kidogo sana na kitambaa, zinapata uhai wa kutosha, na nawaambia wateja wazi kwamba hizi zimekufa zenyewe. Wageni wengi wanazipenda zaidi wakisikia hivyo.

Komwe sasa. Hii iliniuma manake komwe ndo kitu kigumu kuliko vyote alivyokuwa navyo. Mbegu ya mkomwe inaelea baharini safari ndefu, inatupwa ufuoni, na bado ikipata udongo inaota, ganda lake halipitishi maji kabisa. Sasa imeotaje ukungu? Kwa sababu hakuokota ufuoni. Ufuoni unapata tatu, nne, unarudi. Yeye alihitaji mia na kitu kwa wiki moja, akaenda kichakani akachuma maganda yenye miiba yakiwa bado hayajakauka, akayapasua, kila ganda mbegu moja au mbili, nyingine hata rangi ya kijivu haijakamilika. Alafu akazitoboa. Ukishaitoboa umefungua mlango ule ule ambao Mungu aliufunga, kiini kibichi ndani, unyevu wa vuli nje, ukungu ukaanzia tundu ukashika na uzi.

Siku ile nilipita na moja mkononi barazani ambapo wazee wanacheza bao, nikampa mmoja aishike. Bao lina kete 64 na hawa watu wameshika komwe maisha yao yote. Akaitupa juu mara moja akaidaka.

"Mbichi hii mwanangu. Nzito. Ngoja isinyae ndani, ukiitikisa itakwambia."

Na ndo hivo, komwe iliyokauka ukiitikisa karibu na sikio kiini kinagonga ndani. Isiyogonga isitobolewe. Kutoboa kwenyewe, biti nyembamba, toboa nusu upande huu nusu upande wa pili ikutane katikati usibanje, na iwe kwenye sahani ya maji, kwanza haishiki moto, pili vumbi halikuingii kifuani. Vumbi la simbi ndo baya zaidi, vaa barakoa, msione watu wanatoboa wazi mdomo umefunguka mkadhani haina madhara. Fundi wa mashua kule Matondoni akikuazima keekee yake ndogo, ile ya kutobolea kwa mkono, kwa komwe inatosha kabisa, polepole lakini hupasui.

Vifuu sitakaa sana. Alichukua vifuu vya madafu kwa muuza madafu kwa sababu vipo bwerere, na kifuu cha dafu hakijakomaa, kikikauka kinajikunja kinapasuka. Kifuu ni cha nazi iliyokomaa, iliyokunwa, ikaanikwa, ndo unapiga msasa wa kukwaruza alafu laini. Alafu alivipaka mafuta ya nazi ya kupika nyumbani, yakiwa na maji ndani yanachacha, nayo yakaongeza harufu yake kwenye gunia.

Uzi pia kifupi: alitumia uzi wa pamba, tundu la simbi lina makali, ukasagika. Mshipi wa kuvulia wa nailoni ndo jibu, na tundu lipitishwe msasa. Kulabu za hereni zile za bei rahisi nyingi zina nikeli na kuna watu masikio yao hayaitaki, huyo mteja aliyejikuna nadhani ndo hapo. Ukiwa huwezi fedha kwa seti zote, tenga chache uzitengenezee kulabu za fedha kwa sonara, uwauzie wanaouliza.

Sasa kuna jambo ambalo halikuwa kwenye malalamiko na ndo lililonitisha mimi. Nilipoenda Shela kuangalia zilizobaki dukani nikakuta vidani vitatu vina vigae katikati, vile vya bluu na nyeupe vya sahani za Kichina, na kimoja kina kipande cha gamba la ng'amba, aina ya kasa, kina mawingu ya manjano na kahawia, kizuri sana kwa kweli. Mama wa duka anasema hivo ndo wageni wanaulizia kuliko vyote. Binti anasema vigae aliokota kisiwa cha Manda njia ya Takwa, yale magofu ya mji wa kale, gamba alipewa na mvuvi.

Nikawaambia wote wawili hapa ndo pa kuogopa, harufu ni aibu tu. Sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inahesabu kitu chochote kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa ni cha kale, na hakitoki nje ya nchi bila kibali. Takwa watu walihama karne ya 17, kwa hiyo kigae cha pale hakina mjadala. Najua mtaniambia masonara wa Lamu wanaweka vigae kwenye pete za fedha miaka yote na pete zimejaa mjini, kweli, hata mimi ninayo. Lakini kigae kilichotoka kwenye sahani iliyovunjika nyumbani kwa bibi yako na kigae ulichookota kwenye magofu havifanani, cha magofu kikihama pale hakuna tena atakayejua kilikuwa chumba gani na nyumba ya nani. Na mgeni akikamatwa nacho uwanja wa ndege atasema amenunua wapi.

Ng'amba ndo usiseme. Kasa wote wanalindwa, biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haina utani. Haijalishi kasa alikufa mwenyewe, haijalishi ulipewa. "Lakini sikumuua mimi shangazi" haikusaidii popote. Tukatoa vipande vyote vinne siku ile ile, vigae binti akavipeleka makumbusho pale mbele ya bahari, gamba likakabidhiwa KWS, na mahali pake tukatia duara za kifuu cha nazi iliyokomaa nilizokuwa nazo. Seti zikabaki kuhesabiwa kuwa nzima.

Ikabaki pesa. Nikaomba daftari la binti. Ameandika simbi 1,500, uzi na kulabu 3,200, kadi na karatasi 800, boti 500, jumla 6,000, faida 22,000. Mstari wa komwe ameandika "bure". Mstari wa vifuu "bure". Hapo ndo kisa chote kilipo kwa maoni yangu. Vitu vya kuokota bei yake ni kusubiri, na yeye hakuweka hata siku moja ya kusubiri, si kwa shilingi wala kwa kalenda. Angekuwa na akiba ya simbi zilizozikwa tangu msimu wa kusi na debe la komwe zinazogonga, wiki tatu zingemtosha kutoboa na kutunga kwa raha. Hakuwa nayo, kwa hiyo wiki zile zile tatu alizitumia kuokota, kuosha, kukausha, kutoboa na kutunga, tena msimu wa vuli nguo hazikauki. Kila kosa nililolitaja hapo juu linatokana na haraka hiyo. Binti anajua komwe mbichi na kavu, amekulia hapa, hakuna wa kumfundisha.

Na bei. Alianza na 900, akashushwa mpaka 700, kwa hoja kwamba "si umeokota tu". Mama wa duka alikubali mbele yangu kuwa alisema hivo. Mimi nikipiga hesabu ya kutupa nusu ya kila unachookota, na miezi ya kukaa na mali ndani bila kuuza, sioni seti hiyo chini ya elfu moja.

Tulikaa barazani kwa mama wa duka na kahawa, nikawaambia tuache maneno tuhesabu. Seti nzima 21, mara 700, ni 14,700. Binti ameshapokea 14,000. Kwa hiyo hakuna wa kurudisha 14,000 na hakuna wa kudai 14,000. Duka linadaiwa shilingi 700.

Kimya. Alafu mama wa duka akacheka, "Yaani dada ugomvi wote huu ni wa seti moja?" Akamtumia binti kwa simu hapo hapo. Akajaribu kidogo kuleta habari ya wale wateja wawili aliowarudishia pesa, nikamwambia faida yake ya juu ni yake, na hasara yake ya juu ni yake, akaachia. Seti 19 zikawa mali ya binti, akazivunja, kulabu akaziweka, zile simbi zikaingia kwenye ndoo ya mchanga darini kwangu na komwe ambazo hazijaoza zikaanikwa.

Wako wanaosema nilimbeba, kwamba duka lilipoteza msimu na jina, na binti hakulipa chochote kwa hilo. Inawezekana. Ila duka liliweka muda wa wiki tatu, likataka mng'aro, likashusha bei, na siku ya kupokea halikufungua hata moja mtu akaivaa kwa saa mbili juani. Ningekuwa mimi mwenye duka ningevaa.

Sasa hivi mama wa duka anataka seti 30 za Pasaka. Binti amesema atatoa idadi ya simbi zilizokwisha kupita kwenye chupa ya jemu, zikiwa 18 ni 18, na za kufubaa, na bei ni 1,000. Mama wa duka yuko 850 na anasema za kufubaa zipunguzwe. Mimi nimejitoa, wamalizane wenyewe.